Margaret Trowell: Mke wa daktari wa Mulago aliyefungua shule ya uchoraji barazani

MSAFIRI anayeingia Kampala kwa basi la Busia, Malaba au Mutukula, akipata nafasi ya kutembea katikati ya jiji kabla ya kugeuza na mzigo wake, hakosi kuiona sanamu ya mama karibu na bustani ya Sheraton. Mwili wa mama huyo umezungushiwa mikanda kama maiti iliyoviringishwa sanda, lakini mikono yake imenyooka juu na imemwinua mtoto kuelekea mbinguni. Hiyo ndiyo Sanamu ya Uhuru, iliyosimamishwa mwaka 1962 Uganda ilipojitawala. Mtoto ni taifa jipya, na mikanda ni miaka ya kutawaliwa.

Aliyeichonga ni Gregory Maloba, Mkenya aliyezaliwa magharibi mwa nchi hiyo mwaka 1922. Wengi hawamjui, na wachache zaidi wanamjua aliyemfundisha: mwanamama wa Kiingereza, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, aliyeanza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake mwaka 1937. Jina lake ni Margaret Trowell. Kutokana na baraza hiyo ilizaliwa shule ya sanaa ya Makerere, iliyowalea wachoraji na wachongaji wa Uganda, Kenya na Tanzania.

Binti wa London

Kathleen Margaret Sifton, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa London mwaka 1904. Alipokua alijiunga na shule ya sanaa ya Slade, ambayo ni sehemu ya University College ya jiji hilo. Mwalimu mkuu pale alikuwa Henry Tonks, mtu mkali ambaye wanafunzi walimwogopa. Tonks alikuwa daktari wa upasuaji kabla ya kuacha kisu na kushika penseli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alichora nyuso za askari zilizoharibiwa vitani, ili kuwasaidia madaktari waliokuwa wakijaribu kuzirekebisha. Kwa mwalimu wa namna hiyo, mwanafunzi alipaswa kumtazama mtu aliye mbele yake, kuujua mfupa na msuli, na kuchora bila kubahatisha.

Baada ya Slade, Margaret alisomea ualimu chini ya Marion Richardson, ambaye njia yake ilikuwa tofauti kabisa. Richardson aliwaambia watoto wafumbe macho, akawasimulia jambo, kisha wakachora kile walichokiona ndani ya vichwa vyao. Walimu hao wawili, mmoja wa kutazama nje na mwingine wa kutazama ndani, waliingia Afrika pamoja na mwanafunzi wao. Kule Mulago ilibidi achague amfuate nani zaidi.

Mabibi wa hariri

Ili kuelewa uzito wa uchaguzi huo, inafaa kujua nchi aliyotoka iliheshimu picha za namna gani. Katika karne ya 18 biashara kubwa ya wachoraji wa Uingereza ilikuwa kuchora sura za watu wenye mali, na hasa wake na mabinti wa makabaila. Majina yaliyovuma ni Joshua Reynolds, Thomas Gainsborough na George Romney. Bibi wa ukoo mkubwa alikwenda kwa mchoraji akakaa mbele yake mara kadhaa hadi uso ukamilike. Mavazi mara nyingi yalikuwa kazi ya mtu mwingine. Reynolds, kwa mfano, alimtumia Peter Toms, fundi wa kuchora vitambaa, wakati yeye mwenyewe akishughulikia sura. Picha ilipokamilika ilitundikwa ukumbini ili kila mgeni ajue ukoo ule una nini na umeoana na nani.

Picha hizo zilikuwa mali kwelikweli. Mojawapo, ambayo Gainsborough alimchora Georgiana, mke wa Mtawala wa Devonshire, iliuzwa kwa mnada London mwaka 1876 kwa zaidi ya gini 10,000, bei iliyowashangaza watu wa wakati ule. Haikupita muda mrefu, mwizi akaikata kutoka kwenye fremu yake usiku na kutoroka nayo. Ilipatikana mwaka 1901, baada ya miaka 25.

Lakini mtazamaji wa Kiafrika huona jambo jingine katika picha za zama hizo. Mwaka 1761 Reynolds alimchora Lady Elizabeth Keppel, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa harusi ya Mfalme George wa Tatu. Bibi huyo amesimama katika vazi lake la sherehe akipamba sanamu kwa maua. Chini yake kidogo yuko mtumishi wa kike, mweusi, anayemnyanyulia shada la maua. Jina la picha linamtaja bibi peke yake. Ndivyo mtu mweusi alivyoonekana katika picha nyingi za aina hiyo: pembeni, ameshika kitu, akimtazama mwenye picha. Uingereza ya wakati ule ilikuwa ikitajirika kwa sukari ya mashamba ya watumwa, na si ajabu kwamba watumishi weusi walichorwa kama pambo la nyumba.

Ipo picha moja mashuhuri inayokwenda kinyume. David Martin, mchoraji wa Scotland, aliwachora mabinti wawili waliolelewa katika nyumba ya Jaji Mkuu, Lord Mansfield. Mmoja ni Lady Elizabeth Murray, na mwingine ni Dido Elizabeth Belle, ambaye mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika na baba yake afisa wa jeshi la majini. Dido anatabasamu na kumtazama mtazamaji usoni. Picha ya namna hiyo ni nadra hata huko.

Na wanawake Waingereza wenyewe? Walichorwa sana, lakini kuchora kwao kulikuwa na mipaka. Chama cha kifalme cha wachoraji, Royal Academy, kilipoanzishwa mwaka 1768 chini ya urais wa Reynolds, waanzilishi wanawake walikuwa wawili tu, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa darasani na mwanamume aliye uchi wa kuchorwa, wanawake hao hawakuruhusiwa kuwamo chumbani. Akawaweka kama picha mbili zilizotundikwa ukutani. Baada yao, mwanamke mwingine hakuchaguliwa kuwa mwanachama kamili hadi Laura Knight mwaka 1936. Mwaka uliofuata, juu ya kilima cha Mulago, mwanamke mwingine wa Kiingereza alianza kufundisha.

Kutoka Machakos hadi Kampala

Margaret aliolewa na Hugh Trowell, daktari kijana, na mwaka 1929 wakaja Kenya, alikoajiriwa katika idara ya tiba ya kikoloni. Waliishi Machakos, katika nchi ya Wakamba. Huko Bi Trowell alianza kuvutiwa na kazi za mikono za wenyeji, na akaona jambo ambalo wazungu wengi wa enzi hizo hawakulijali: vitu vya kila siku vilitengenezwa kwa kipimo na uzuri, ingawa hakuna aliyeviita sanaa wala kuvitundika ukutani.

Mwaka 1935 familia ilihamia Kampala, Dk Trowell alipohamishiwa hospitali ya Mulago. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1913, na wakati huo ilikuwa mahali ambapo vijana wa Kiafrika walisomea udaktari. Dk Trowell alifundisha na kutibu. Jina lake lilijulikana duniani kwa utafiti wa kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaovimba na nywele zao kubadilika rangi kwa kukosa lishe ya kutosha. Kitabu alichoandika na wenzake kuhusu ugonjwa huo kilitoka mwaka 1954.

Mke wa daktari wa serikali wakati huo alitarajiwa kukaribisha wageni na kutunza bustani. Bi Trowell alikuwa na baraza, penseli na rangi, na ng'ambo ya bonde la Wandegeya kulikuwa na wanafunzi wa Makerere.

Darasa la barazani

Mwaka 1937 alianza kuwakaribisha nyumbani kwake watu waliotaka kujifunza kuchora, mara moja kwa wiki. Makerere ilikuwa chuo cha kuandaa walimu na madaktari, pamoja na watumishi wengine. Uchoraji haukuwa na nafasi katika mafunzo hayo, na wapo maafisa walioamini kwamba Mwafrika hana kipaji cha picha.

Bi Trowell hakuwapa wanafunzi wake nakala za Reynolds wala Gainsborough wazifuatishe. Hakuanza hata na njia ya Tonks ya mifupa na misuli. Alifuata zaidi ile ya Richardson: alisimulia hadithi, ya kijijini au ya Biblia, kisha akawaacha wachore walivyoiona wenyewe. Aliogopa kwamba wakionyeshwa mapema mno picha za Ulaya wangeishia kuziiga na kupoteza jicho lao.

Matokeo yake yalionekana haraka. Katika karatasi zao hapakuwa na bibi wa hariri. Walichora maisha waliyoyajua ya kijijini, kazi na sherehe, na Yesu na wanafunzi wake wakiwa katika mazingira ya Afrika. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London katika ukumbi wa Imperial Institute. Waingereza wakaona picha ambazo Waafrika hawakuwa pembeni wakishika shada la mtu mwingine. Walikuwa katikati ya karatasi, na kalamu ilikuwa mikononi mwao.

Baada ya hapo somo hilo likakubaliwa Makerere, na darasa likateremka kutoka barazani Mulago, likavuka bonde na kupanda kilima cha pili. Miaka ilivyokwenda likawa shule kamili yenye diploma yake.

Makumbusho na ususi

Kazi yake haikuishia darasani. Katika miaka ya 1940 alisimamia Makumbusho ya Uganda, ambayo yalikuwa yamekaa kwa miaka mingi kwenye kilima cha Old Kampala na kisha yakahamishiwa Makerere, kabla ya kupata jengo lake la sasa Kitante mwaka 1954. Pamoja na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, aliandika kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, kilichotoka mwaka 1953. Wachsmann alishughulikia ngoma na ala nyingine za muziki. Bi Trowell alishughulikia vyombo vya nyumbani na kazi nyingine za mafundi: vikapu, mikeka, vyungu, ngao, mavazi ya magome ya mutuba, na akavichora kwa mkono wake.

Mfanyabiashara wa mpakani anayebeba vikapu na mikeka kutoka Uganda kwenda kuuza Kenya au Tanzania, akikifungua kitabu hicho leo, atakuta ususi anaoujua kwa mikono yake umeelezwa hatua kwa hatua. Ukabila wa kuumbua haumo katika michoro hiyo. Kila kitu kimechorwa kwa uangalifu uleule ambao mchoraji wa karne ya 18 aliutumia kwa lulu za shingoni mwa bibi.

Wanafunzi wa nchi tatu

Maloba ndiye aliyekuja mapema na kukaa. Kutoka mwanafunzi akawa mwalimu wa uchongaji palepale Makerere, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki mwaka 2007.

Kutoka Machame, Kilimanjaro, alikuja Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923. Naye alifundisha Makerere, akaenda kusoma Slade, shule ileile ya mwalimu wake, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wake wa kwanza London. Picha yake ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, aliyoichora mwaka 1956, imo katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Mkewe alikuwa Sarah Nyendwoha wa Hoima, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, aliyoichukua Oxford mwaka 1954.

Kutoka Marangu alikuja Elimo Njau. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Maisha ya Kristo yamehamia huko kwenye vilima vya Wakikuyu, na mama anayemzaa mkombozi ni mama wa Kiafrika. Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi.

Ukiwatazama Maloba na Njau pamoja utaona kwamba mama ndiye aliyekaa mahali ambapo Ulaya ilimweka bibi wa ukoo. Mama huyo hana vito wala jina la heshima. Anatambulikana kwa kazi anayoifanya na kwa mtoto aliyembeba.

Lawama

Hata hivyo, sifa za Bi Trowell zina upande wa pili, na wasomi wa Makerere wenyewe wameueleza. Kuna swali la nani alimpa mamlaka ya kuamua Mwafrika aone picha gani na asione ipi. Yeye alisoma Slade, akajua kuchora mfupa na kivuli, kisha akawakinga wanafunzi wake na elimu hiyo kwa hofu ya kuwaharibu. Nia ilikuwa njema, lakini mtu anayekukinga na kitu bila kukuuliza amekuhesabu mtoto.

Zipo dalili kwenye picha zenyewe. Watu wa Ntiro ni wadogo, wamejaa uhai wa pamoja, lakini ni vigumu kutofautisha uso mmoja na mwingine. Mabibi wa Reynolds walikuwa na sura na majina hata kama hawakuwa na kazi. Wanakijiji wa shule ya Mulago walikuwa na kazi, ila sura na majina yao hayakubaki. Nani angemchora mama fulani wa Wandegeya, kwa uso wake mwenyewe, ili wajukuu wamtambue? Swali hilo lilibaki.

Kuta za kinga hazikudumu. Makerere ilipofungwa kwa mkataba na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wanafunzi kama Ntiro walipokwenda Slade, elimu iliyofichwa ilifika kwa njia nyingine. Bi Trowell aliondoka mwaka 1958, na aliyemfuata, Cecil Todd, akaleta historia ya sanaa ya dunia nzima na mafunzo ya rangi na umbo. Wanafunzi hawakugeuka Wazungu. Walichukua walichotaka na kuacha kingine.

Mwanamke mwenye brashi

Katika habari hii yote mwanamke Mwafrika amekuwa akichorwa. Aliyechora je? Mwaka 1950 Rosemary Karuga kutoka Kenya alijiunga na shule hiyo, mwanamke wa kwanza kusoma hapo. Alihitimu mwaka 1952, akarudi Kenya, akafundisha shule na kulea familia kwa miaka mingi. Aliporudia sanaa katika miaka ya 1980 hakuwa na pesa za rangi. Akachukua pakiti za unga na karatasi za sabuni, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika hadi vikawa picha za watu wa kijijini na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021.

Mchuuzi anayejua bei ya pakiti ya unga mpakani ndiye anayeweza kuelewa vizuri zaidi kazi hiyo. Reynolds aliajiri fundi wa kuchora hariri. Karuga alipata rangi yake kwenye takataka za jikoni.

Baada yake walifuata wengine. Theresa Musoke, Mganda aliyesoma hapo enzi za Todd, alichora kwenye ukuta wa bweni la wanawake la Mary Stuart, Makerere, picha kubwa ya uzazi. Hali ilipochafuka enzi za Idi Amin alikimbilia Nairobi kama maelfu ya Waganda wengine, akaishi huko miaka mingi akifundisha na kuchora, na akarudi nyumbani miaka ya 1990. Wasomaji waliorudi kutoka uhamishoni wanajua kurudi huko kulivyokuwa: unakuta nyumba ina watu wengine, na unaanza upya na ulichobeba kichwani.

Mwisho wa safari

Baada ya kuondoka Uganda, Dk Trowell alipata upadri katika Kanisa la Anglikana, na mkewe akaishi naye Uingereza. Kitabu cha maisha yake Afrika kilikuwa kimetoka mwaka 1957, na kingine kuhusu mapambo ya Kiafrika kikafuata mwaka 1960. Alifariki mwaka 1985, wakati Uganda ikiwa bado vitani.

Shule ilipewa jina lake na ingali nalo, ikiwa sasa sehemu ya chuo cha uhandisi, ubunifu, sanaa na teknolojia cha Makerere. Walimu wake kwa muda mrefu sasa ni Waafrika, wengi wao Waganda, na darasani hakuna anayeulizwa kama ana ruhusa ya kumtazama Gainsborough. Anatazamwa, anajadiliwa, na anayetaka kuendelea na magome ya mutuba anaendelea.

Mulago nayo imebadilika. Hospitali mpya ilijengwa wakati wa uhuru, na leo kilima kimejaa wagonjwa, wauguzi, bodaboda na wauza chakula kutoka kila pembe ya nchi. Wanawake wanaokaa nje ya wodi na vikapu vyao, wakimngoja mgonjwa au wakiuza ndizi, ndio hao hao walioingia kwenye karatasi za darasa la barazani mwaka 1937. Tangu hapo mwanamke wa Afrika Mashariki amechorwa kama mzazi, kama mchapakazi na kama taifa. Kumchora kwa sura na jina lake ni kazi iliyoachiwa wanafunzi wa leo.